Mafundo Katika Kamba ya Ngamia

Avukaye kwa mashua kutoka Kilwa Masoko hadi Kilwa Kisiwani huonyeshwa, katika magofu ya Husuni Kubwa, birika la pembe nane lililojengwa juu ya jabali linalotazama bahari. Huambiwa kwamba jumba lile ni kazi ya Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ndiye aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipotia nanga hapo mwaka 1331. Mimi kila nisimamapo ukingoni mwa birika lile moyo wangu humwendea yule aliyelijaza. Jina la Sultani limebaki. La mchota maji halikubaki.

Hekaya ifuatayo nilipewa na mzee mmoja wa Kivinje aliyemaliza ujana wake katika vyumba vya mashine vya meli za pwani, akilinda jenereta tatu zilizofungwa pamoja kuwasha taa za chombo kimoja. Nilimwuliza imekuwaje meli yenye mashine tatu nzima izimike taa zote usiku. Hakunijibu kwa lugha ya mashine. Alitazama upande wa Songo Songo, kisiwa ambacho gesi yake iligunduliwa mwaka 1974, na tangu mwaka 2004 hupita bombani chini ya bahari hadi Somanga na kuendelea hadi Dar es Salaam kuzungusha mitambo ya umeme, kisha akasema, “Mwanangu, nguvu haijapata kuwa haba katika pwani hii. Kaa kitako nikusimulie habari za ngamia.”

Palikuwa na ufalme ng'ambo ya mikoko ya Rufiji, mfalme wake Sultani Kiboko na raia wake wanyama wa kila namna, na fahari ya ufalme ule ilikuwa jahazi moja kubwa mithili ya mtaa, lililoshuka Kilwa na Lindi kwa pepo za kaskazi na kupanda kwa kusi, likichukua boriti za mikoko, nta, sandarusi, na ufuta, ambao Lindi haijaacha kuutoa hadi leo. Chini ya sitaha yake palijengwa kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, chenye mti mmoja katikati na boriti nne zilizotoka mtini kama mikono, na kila boriti ilikuwa na nira ya ngamia mmoja. Ngamia wakizunguka, mafuta yalitiririka kwenye mifereji hadi katika taa zote za chombo. Na kwa kamba na magurudumu, kinu kilekile ndicho kilichozungusha bomba la kutolea maji ngamani na duara la kuvutia nanga.

Mafuta ya kinu kile yalikuwa na tabia moja ya ajabu, nayo ni kwamba hayakukubali kuwekwa akiba. Ukiyakinga kwa chungu, chungu hukikuta kitupu. Yalikamuliwa yalipowaka na kuwaka yalipokamuliwa, si kabla wala baada, hata ikawa taa moja ikiongezwa kwenye baraza la Sultani, bega la ngamia liliisikia papo hapo, na ngamia akijikwaa, taa zote za jahazi ziliyumba kwa pamoja. Kwa hiyo mabaharia walizoea kupima kila kazi kwa taa. Ngamia mmoja aliweza taa 100. Usiku wa kawaida jahazi lilitaka taa 70, nalo bomba la ngamani lilikula nguvu ya taa 20. Na nanga ilipovutwa, duara lilidai 60 juu ya hizo.

Ngamia walikuwa wanne, wote wazima, wote wa nguvu sawa, wakitofautiana kwa tabia tu. Wa kwanza aliitwa Mtii, kwa kuwa aliamka kabla ya kuitwa. Wa pili Mkaidi, ambaye mwendo wake haukubadilika hata mlima ungefungwa nyuma yake. Wa tatu Mzee, mkohozi kidogo lakini mwaminifu. Wa nne Kipenzi, aliyeletwa kama zawadi kwa Sultani, mwenye shada za hariri shingoni.

Aliyekitunza kinu alikuwa Kasa, fundi wa miaka mingi, naye hakuwa na kitabu. Sheria zake alimwonyesha kijana Komba, mlinzi wa usiku, kwa mkono. Humsimamisha Komba kando ya mti wa kinu, akampa ngoma ndogo na kichupa cha mchanga, akasema, “Hesabu hatua zao.” Ngamia asiye na mzigo alikwenda hatua 52 kwa kila kichupa, aliyebeba mzigo wake kamili alishuka hadi 50. “Huko kushuka hatua mbili,” Kasa husema, “usikuone udhaifu. Ndiko wanakozungumzia. Huyu akilemewa hupungua kidogo, mwenzake huusikia mti umelegea, husogea kuchukua sehemu yake. Hivyo wanagawana bila mtu kuwagawia.”

Ilipotakiwa ngamia wa pili aongezwe, Kasa hakumfunga kamwe kwa haraka. Alimzungusha kwanza pembeni, huru, hadi mwendo wake ulingane na wa mwenziwe, tena uzidi kwa unywele tu, ili akiingia aingie akisukuma na asiingie akiburutwa. Kisha hungoja. Boriti tupu ilipita mbele ya nira, ikapita tena, kila mara polepole zaidi, hadi ncha na ncha zilipotazamana. Hapo ndipo alipotia kijiti, tik, na taa juu hazikupepesa hata moja. Na kijiti chenyewe alikichonga kwa mti laini makusudi. Ngamia akichoka hata akaanza kuvutwa na mti badala ya kuuvuta, kijiti kilivunjika, naye akatoka salama kando, na kinu kikaendelea na waliobaki.

Hesabu yake ya zamu ilikuwa nyepesi kusema na ngumu kudumu nayo. Penye bahari tulivu, alifunga wawili, ili mmoja akianguka yule wa pili aziweze taa 90 peke yake. Kabla ya kuvuta nanga aliongeza wa tatu na kungoja joto la misuli limwingie, ndipo alipompelekea nahodha neno kwamba duara liko tayari. Na nahodha, ingawa alikuwa Papa, hakuligusa kabla ya neno hilo. Hakuwafunga wala kuwafungua kwa kila taa iliyowashwa au kuzimwa, maana ngamia aamshwaye na kulazwa mara kumi kwa usiku huchoka kuliko aliyetembea usiku kucha. Kila ngamia alikuwa na kamba yake ukutani, na kila zamu ikawa fundo. Kamba ikifika mafundo 1,000 ngamia hushushwa pwani siku kumi atazamwe nyayo, meno na mabega. Aliyeongoza wiki hii hakuongoza wiki ijayo. Wala Kasa hakuziacha kamba zilingane: moja ilikuwa na mafundo 200, nyingine 450, nyingine 700, nyingine 950, kwa sababu alitaka waende pwani mmoja mmoja.

Sheria ya mwisho ilichorwa kwa mkaa mlangoni, kwa ajili ya siku mbaya. Nguvu zikipungua, zizimwe kwanza taa 40 za baraza la Sultani. Zikipungua tena, 20 za jikoni na maghala. Kisha za sitaha. Taa ya mlingoti, taa ya dira na bomba la ngamani zisiguswe maadamu ngamia mmoja anasimama.

Mchoro huo ndio uliomtoa Kasa kazini. Sultani alishuka siku moja kutazama kinu, akauona, akasoma kwamba giza litaanzia kwake. Nyuma yake alikuwepo Kunguru, karani wa baraza, mwepesi wa ulimi na mzuri wa mwandiko, aliyesema kwa upole kwamba fundi mwenye kupanga giza la mfalme wake huenda analitamani. Kasa aliulizwa, naye kama ilivyo desturi yake akafikiri kabla ya kujibu. Hata alipofungua kinywa, Kunguru alikwisha kabidhiwa ufunguo.

“Mwanangu,” Kasa alimwambia pale ngazini, “chukua mchoro wangu ukitaka uufute. Lakini kijiti kile usikibadilishe.”

“Nenda salama, bibi,” akajibu Kunguru, na siku ya pili akatia msumari wa chuma, kwa kuwa kijiti kilivunjika mara mbili mwaka uliopita, na kuvunjika kulikuwa doa katika taarifa.

Amri yake ya kwanza ilitoka siku wageni wa Sultani walipokuja: ngamia wote wanne wazunguke mchana na usiku, ili ionekane ufalme una nguvu. Ilipendeza kweli. Wanne walikwenda wakigawana taa 90, kila mmoja 22 na nusu, mzigo wa mtoto. Lakini ngamia asiyefanyishwa kazi ya haki havuti pumzi ya ndani. Uvumbi wa ufuta uliokuwa ukitolewa na pumzi nzito ulibaki kooni, ukachanganyika na ute, ukaganda mweusi kama masizi ya jiko, na baada ya mwezi mmoja wote wanne walikohoa, huku mashudu na maji vikiliwa maradufu. Kunguru aliandika kwamba hali ya hewa ya Lindi ina unyevu.

Malisho yalipopanda bei, amri ikageuka: ngamia mmoja tu, na anayetosha asiongezewe mwingine. Nani awe huyo? Hapakuwa na haja ya kuuliza. Kila jioni Komba aliposhuka na taa ya mkono, Mtii alikuwa amekwisha kusimama kando ya boriti ameinamisha shingo. Kumfunga Mkaidi kulitaka mabaharia watatu. Mzee alihitaji kupashwa joto. Kipenzi hakuguswa bila barua. Mtii alifungwa leo kwa kuwa alifungwa jana. Nataka msomaji amtazame hapa, kwa kuwa jahazini hakuna aliyemtazama. Nira ilimla bega la kushoto hadi nywele zikatoka, kisha ngozi, pakabaki bapa jekundu upana wa kiganja, na kila alfajiri Komba alipomfungua, kipande cha gunia kilikuwa kimegandamana na kidonda ikabidi kiloweshwe maji ndipo kitoke. Mtii hakulia. Taa hazikuyumba. Na kwa kuwa taa hazikuyumba, juu kule ilisemwa kinu hakijapata kuwa na amani kama mwaka ule.

Mafundo ya Mtii yakafika 960 na ya wenzake hayakufika 300. Mwaka ulipofungwa, mjumbe mmoja wa baraza alishuka, akaziona kamba, akastaajabu. Kunguru hakufadhaika. Alitangaza kwamba tangu sasa ni usawa: Mtii apumzike, wenzake watembee bila kikomo mpaka kamba zote ziwe na urefu mmoja. Ngamia waliokuwa na masizi kooni wakakimbizwa usiku na mchana msimu mzima, hata siku moja kamba nne zikaning'inia sambamba kama pazia, 960 kila moja, na baraza zima likaletwa kulitazama pazia lile na kulishangilia. Kunguru alipewa kilemba.

Komba peke yake ndiye aliyesumbuka, kwa kuwa alijua kuhesabu. “Bwana Kunguru,” alisema, “yakibaki mafundo 40 kwa kila mmoja, basi wote wanne watatakiwa pwani kwa wakati mmoja. Nani atazungusha?”

Kunguru alilifikiri jambo lile usiku mmoja. Asubuhi alizishusha kamba zote, akafungua mafundo yote kwa mdomo wake, moja baada ya jingine, akazitundika tena zikiwa nyoofu. Na ngamia wote wanne, kwa mujibu wa kamba, wakawa vijana wasiowahi kufanya kazi.

Kadhalika alirekebisha mwendo. Alikuwa amempenda Mkaidi tangu zamani, kwa sababu Mkaidi hakushuka hata nusu hatua chini ya mzigo, na Kunguru aliona kushuka ni aibu. Akaamuru wote wafundishwe mwendo wa Mkaidi. Siku ya majaribio Mkaidi alifungwa na Mzee, kila mmoja akikataa kumpisha mwenzake hata kwa unywele. Mkaidi aliubeba mzigo wote kwa dakika tano huku Mzee akiburutwa, kisha Mzee akajitutumua akaunyakua wote naye Mkaidi akaburutwa, wakaendelea hivyo kutupiana kinu kama wavulana wanaovutana shati, na taa juu zikawa zinapanda na kushuka kama kifua cha mgonjwa. Baraza lilielezwa kwamba ni mawimbi.

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Ilikuwa kusi kali, jahazi limelala kwenye nanga nje ya mlango wa bandari, shehena ya ufuta hadi ukingoni, fungu la mchanga likiwa upande wa shetri. Mtii alikuwa tena peke yake nirani, amebeba taa 90. Baada ya usiku wa manane upepo uligeuka na nanga ikaanza kukokoteka. Papa, nahodha, aliona taa za pwani zinahama. Zama za Kasa angengoja neno kutoka chini. Lakini desturi ya neno ilikwisha kufa, kwa kuwa ngamia wa tatu alikwisha kukatazwa, na neno lisilo na kitu nyuma yake halina mtu wa kulipeleka. Akapiga kelele duara lizungushwe.

Zilikuwa 90, zikawa 150, juu ya bega moja.

Komba alikuwa na ngoma mkononi, na hesabu ile hakuisahau maisha yake yote. Hatua 50. Hatua 47. Hatua 44, taa zikawa njano. Mtii alisukuma hata shingo yake ikawa sambamba na ardhi, na kidonda kikafunguka. Kunguru akashuka mbio na kilemba chake, akaamuru Kipenzi aletwe upesi, sasa hivi. Kipenzi alitolewa usingizini, baridi, mguu haujanyooka, akasukumwa ndani ya nira boriti ikiwa inapita, wala hapakuwa na aliyengoja ncha itazame ncha. Mti wa kinu ulimpokea kwa kishindo kilichosikika hadi omo. Akaburutwa kinyumenyume, na mzigo wa mwili wake wenyewe ukaongezeka juu ya Mtii. Kijiti cha Kasa kingevunjika hapo na kumwachia. Msumari wa chuma haukuvunjika, ikavunjika boriti.

Mtii akapiga magoti. Mkaidi, aliyekuwa anafungwa upande wa pili, akajikuta na taa 150 peke yake, akasimama imara mpaka alipoanguka kwa mkupuo, maana hakufundishwa kuanguka polepole. Mzee hakufika hata kwenye nira. Ngamia wanne wakawa chini ndani ya muda wa kichupa kimoja cha mchanga, na katika wanne hao watatu walikuwa wazima jioni ile, wamelala, wameshiba.

Bado palikuwa na nafasi ndogo. Mtii aliinuka mara moja tena, akatembea, na kwa mwendo aliokuwa nao angeweza kulisha taa 25 labda. Komba alikimbilia mlangoni kuusoma mchoro wa mkaa. Ulikuwa umefutwa, na juu yake umeandikwa kwa wino mzuri mpango mpya: ianze kuzimwa taa ya mlingoti, ifuate dira, lifuate bomba, baraza la mwisho. Komba alikuwa mlinzi, na mlinzi hufuata kilichoandikwa. Ngamani maji yakaanza kupanda bila sauti. Waliosalimika husema kwamba jahazi lilipopanda fungu, kitu pekee kilichoonekana kutoka pwani ni madirisha ya baraza yakimeremeta, na wavuvi walidhani kuna harusi.

Baraza la uchunguzi lilikaa siku saba. Kunguru alileta kamba nne, akaonyesha kwamba hakuna ngamia aliyezidi mafundo 12, kwa hiyo hakuna aliyechoshwa. Papa alisema aliagiza duara na duara halikuja. Kipenzi hakuitwa. Komba aliulizwa nani alianguka wa kwanza, naye akasema kweli: Mtii. Basi ikaandikwa hivyo, kwamba chanzo cha msiba ni ngamia aliyeanguka wa kwanza. Sultani aliagiza ngamia wengine sita kutoka Bara Arabu, wazuri kuliko wale, na kinu kipya chenye boriti sita, na Kunguru akapewa ufunguo wake.

Mtii hakuuzika kwa ajili ya bega lile. Walimshusha pwani ya Somanga, wakamvua kitambaa cha macho, wakaondoka. Kasa, ambaye siku hizo alikuwa akipanda ufukweni kutaga, alimkuta hapo jioni, amesimama mbele ya bahari iliyo wazi na nchi yote iliyo wazi nyuma yake, bila nira, bila kamba. Alimsalimu. Mtii hakuitika. Jua lilipozama, saa ileile ambayo Komba alikuwa akishuka na taa ya mkono, ngamia aliinamisha shingo upande wa kushoto akaanza kutembea. Akazunguka, akarudi alipoanzia, akazunguka tena, hatua 50 bila kukosea, mpaka mchanga ukafanya mfereji wa duara. Kasa alihesabu hadi maji yalipojaa na kuufukia.